Kununua, kulipia kwa mwezi au kulipa kadiri utumiavyo: ulinganisho kwa ofisi za Tanga

Mwenye ofisi jijini Tanga anayetafuta kompyuta na programu za kazi siku hizi huwekewa mezani bei za aina tatu. Anaweza kununua mashine pamoja na leseni ya programu, akalipa mara moja na vikawa vyake. Anaweza kulipia programu kwa mwezi au kwa mwaka, akijua kwamba siku malipo yakikoma, ruhusa ya kuitumia nayo inakoma. Au anaweza kukodi nguvu ya kompyuta iliyo mbali, katika kituo cha data, akatozwa kwa saa alizotumia na kwa ukubwa wa mafaili aliyohifadhi huko. Matangazo ya wauzaji huziweka njia hizi mbili za mwisho katika kapu moja na kuziita kulipa kadiri unavyotumia, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Makala haya yanazilinganisha zote tatu kwa jicho la ofisi ya kawaida ya hapa, lakini yanatazama pia upande wa pili wa kaunta, yaani kampuni ya programu na mtengenezaji wa kompyuta wanavuna nini na wanapoteza nini katika kila njia, kwa sababu mnunuzi asiyejua muuzaji anafaidikia wapi hawezi kukisia bei ya mwakani itaelekea wapi.

Kipimo ninachokiona kuwa cha maana kuliko vyote ni hiki: mashine au programu inapokaa bila kazi, ni nani anayebeba gharama ya kukaa huko? Mwenye mita ya LUKU analielewa hili bila kufundishwa. Familia ikizima kila kitu na kusafiri kwenda msibani Lushoto, uniti zinakutwa zilivyoachwa, na mitambo iliyokosa mteja siku hizo ni mzigo wa TANESCO. Kukodi kompyuta kwa saa kunafuata kanuni hiyo hiyo. Malipo ya mwezi hayaifuati hata kidogo: karani akiugua wiki tatu, leseni yake inalipiwa mwezi mzima, na kampuni ya programu haipunguzi hata senti. Anayelipia kwa mwezi, basi, anabeba gharama ya muda wa kukaa bila kazi sawasawa na aliyenunua, ila aliyenunua hubaki na chombo na yeye hubaki na stakabadhi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta ya mezani. IBM ilikuwa ikikodisha mashine zake badala ya kuziuza, mpaka makubaliano yake na serikali ya Marekani ya mwaka 1956, katika kesi ya kuzuia uhodhi wa soko, yalipoilazimisha kumuuzia pia anayetaka kununua. Mwaka 1961 mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy, akizungumza katika chuo cha MIT nchini Marekani, alisema kwamba huenda siku moja huduma ya kompyuta ikatolewa kwa umma kama inavyotolewa huduma ya simu. Mei 2006 Microsoft ilitangaza mpango wa FlexGo, ambao ndani yake mteja alitoa sehemu ya bei ya kompyuta, akaichukua nyumbani, kisha akawa ananunua kadi za saa za matumizi. Saa zikiisha, mashine inajifunga. Majaribio yalifanyika Brazil, na kampuni za AMD, Intel na Lenovo zilikuwa miongoni mwa washirika. Mpango huo haukufika mbali, ingawa msomaji wa Tanga atautambua mara moja, kwani ndio mtindo wa simu za mkopo zinazojifunga mteja anapochelewesha rejesho.

Kampuni za programu: mteja aliyeridhika alikuwa hasara

Katika mauzo ya kulipa mara moja, kampuni ya programu ina mshindani asiyeonekana, naye ni toleo lake lenyewe la zamani. Steshenari iliyonunua programu ya kuhariri picha na kuona inatosha haina sababu ya kununua nyingine mpaka kompyuta ife. Adobe iliamua kulimaliza tatizo hilo Mei 2013, ilipotangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop na wenzake hayatauzwa tena kwa leseni ya kudumu, bali kwa malipo ya mwezi au mwaka tu. Mwanzo ulikuwa mchungu. Faida halisi ya kampuni hiyo, iliyokuwa takriban dola milioni 830 katika mwaka wa fedha wa 2012, ilishuka hadi takriban dola milioni 290 mwaka uliofuata, kwa kuwa fedha iliyokuwa ikiingia kwa mkupuo sasa iligawanywa miezi kumi na miwili. Baada ya hapo mambo yakageuka: mapato ya mwaka, yaliyokuwa takriban dola bilioni 4.4 mwaka 2012, yalizidi dola bilioni 19 mwaka 2023. Kampuni nyingine ziliona, na hazikuhitaji kushawishiwa.

Kwa haki ya muuzaji, njia hii ina faida ambazo mteja huzipata pia. Programu inayolipiwa kwa mwezi hurekebishwa kila mara bila kusubiri toleo jipya, na msanifu wake ana sababu ya kumfanya mteja asichoke, maana mteja anaweza kuondoka. Nasema anaweza, lakini mlango wa kutokea si mpana kama wa kuingilia. Juni 2024 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya kulinda wateja, iliishitaki Adobe ikidai kwamba ilificha ada ya kuvunja mkataba katika mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Mteja wa Tanga hatalindwa na kesi ya huko, ila anaweza kujifunza kusoma mstari mmoja kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali: je, huu ni mkataba wa mwezi, au ni wa mwaka uliokatwa vipande vya mwezi?

Tuje kwenye hesabu. Kwa bei za Marekani, Office Home 2024, ambayo ni leseni ya kulipa mara moja kwa kompyuta moja, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 149.99, na Microsoft imeahidi kuihudumia hadi Oktoba 2029. Microsoft 365 Personal, ambayo ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka, ni dola 99.99 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ya kwanza mmoja ametoa dola 150 na mwingine dola 500. Wa pili amepata hifadhi ya terabaiti moja mtandaoni na ruhusa ya kutumia programu hizo kwenye simu na kompyuta nyingine alizonazo, na kama kweli anavitumia vitu hivyo, tofauti hiyo si wizi. Lakini anayeandika barua na kuchapa mitihani kwenye mashine moja analipia ghala asilolitia kitu. Ofisi huuziwa leseni nyingine kwa bei nyingine, ila uwiano wa njia mbili hizi hauendi mbali na huo. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inatosha kwa kazi nyingi kati ya hizo, isipokuwa pale mteja anapoleta faili lenye mpangilio tata na kutaka lirudi lilivyokuja.

Bei ya kulipia, tena, haijasimama. Huduma hiyo ya Microsoft ilikuwa dola 69.99 kwa mwaka mpaka Januari 2025, ilipopandishwa hadi 99.99 pamoja na kuongezewa zana za akili mnemba ambazo wengi hawakuziomba. Juu ya hilo kuna thamani ya shilingi. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300 mwaka 2022 ilifika karibu shilingi 2,700 mwaka 2024, kwa hiyo huduma ya dola 10 kwa mwezi ilipanda kutoka shilingi 23,000 hadi 27,000 bila muuzaji kugusa bei yake. Aliyenunua alipata tetemeko hilo mara moja tu, siku ya kununua. Aliyelipia alilipata kila mwezi.

Wapo watakaosema kwamba Tanga hakuna anayenunua Photoshop, na hawakosei sana. Katika steshenari nyingi za Ngamiani, kijana anayepiga picha za pasipoti saizi humsimamisha mteja mbele ya kitambaa cha bluu, humkata kwenye picha, hupanga nakala nane kwenye karatasi moja na kuzitoa kabla bodaboda aliyemleta hajachoka kusubiri, na programu anayotumia imewekwa na fundi aliyekuja nayo kwenye flashi. Malipo ya mwezi yamebuniwa kwa sehemu dhidi ya mtindo huo, kwa kuwa programu huuliza nyumbani kwao, yaani kwa kampuni iliyoiunda, kupitia mtandao, kama mwenye akaunti amelipa. Matokeo yake hapa kwetu si kwamba watu wameanza kulipa. Wengi wamebaki na matoleo ya zamani yaliyovunjwa kufuli, yanayokuja mara kwa mara na virusi ambavyo mwanafunzi huondoka navyo kwenye flashi yake. Kwa kazi ya picha za pasipoti ningeshauri GIMP, ambayo ni ya bure, au Affinity, ambayo mmiliki wake mpya, Canva, aliitoa bure mwishoni mwa Oktoba 2025. Wiki ya kwanza itamchelewesha kijana huyo, kisha vidole vitazoea.

Hali ni tofauti kwa wasanifu wa mifumo wa hapa nchini, wanaouza programu za mauzo ya duka la dawa, za ada za shule au za vikoba. Walizoea kuuza mfumo kwa mkupuo, kisha kupigiwa simu miaka mitatu mfululizo waje kurekebisha hiki na kile bila malipo, mpaka siku moja simu zao zikawa hazipatikani. Malipo madogo ya kila mwezi, yanayotumwa kwa lipa namba, yanawapa sababu ya kupokea simu. Kwa maoni yangu hapa ndipo malipo ya mwezi yanapostahili kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa kinacholipiwa hasa ni mtu atakayekuja. Ugumu wao ni wa mwanzo: wateja ishirini wanaolipa kidogo kidogo hawalipi mshahara wa kijana wa pili kabla ya mwaka kuisha, na kampuni kubwa iliyovumilia mwaka wa faida iliyoporomoka kama Adobe ilikuwa na akiba ambayo ofisi ya vyumba viwili Chumbageni haina.

Watengenezaji wa kompyuta: kuuza vyuma kwa wateja wachache wakubwa

Kwa mtengenezaji wa mashine, habari ni chungu zaidi. Kazi nzito ikihamia kituo cha data, kompyuta ya mezani haihitaji kuwa na nguvu, na kompyuta isiyohitaji nguvu hushindaniwa kwa bei tu. Chromebook za kwanza, yaani kompyuta za mkononi zinazofanya karibu kila kazi mtandaoni, zilizoletwa na Samsung na Acer mwaka 2011, zilijengwa juu ya wazo hilo, na Google ilizitoa pia kwa kampuni za Marekani kwa dola 28 kwa mwezi na kwa shule kwa dola 20. Mwaka huo huo ndio mauzo ya kompyuta binafsi duniani yalipofikia kilele kabla ya kushuka kwa miaka kadhaa. Simu janja zilichangia sana, ila ukweli kwamba mashine ya miaka sita bado inafungua kivinjari vizuri haukuwasaidia wauzaji.

Mtu angefikiri kwamba wangefidiwa na seva, yaani kompyuta za kuhudumia wateja wa mbali, zinazojaa kwenye vituo vya data. Mnunuzi wa huko, hata hivyo, si mtu wa kupangiwa bei. Amazon, iliyofungua huduma ya kuhifadhi mafaili Machi 2006 na ya kukodisha kompyuta kwa senti 10 za dola kwa saa Agosti mwaka huo, pamoja na Google na Facebook, walianza kuchora seva zao wenyewe na kuziagiza moja kwa moja kwa viwanda vya Taiwan, bila kupitia nembo tunazozijua. IBM, iliyokwisha kuiuzia Lenovo kitengo chake cha kompyuta binafsi mwaka 2005, iliiuzia pia kitengo cha seva za kawaida mwaka 2014. Waliobaki wamegeukia kukodisha wenyewe: Hewlett Packard Enterprise iliahidi mwaka 2019 kwamba ifikapo 2022 kila bidhaa yake itapatikana kama huduma ya kulipia, na Dell ikafuata na mpango wake wa APEX mwaka 2021. Shida yao ni ile ile ya FlexGo. Chuma hununuliwa leo kwa fedha taslimu na hulipwa na mteja kwa miaka mitatu au minne, kwa hiyo mtengenezaji anageuka kuwa nusu benki, na mashine ikirudishwa imezeeka ni yake.

Sisi wa Tanga tunakutana na mabadiliko haya kupitia kompyuta za mtumba. Ofisi nyingi hapa hutumia mashine zilizokwisha kufanya kazi Ulaya au Dubai, na kadiri kampuni za huko zinavyokodi badala ya kununua, mashine hurudi kwa mwenyewe kwa makundi baada ya mkataba, jambo ambalo kwa kawaida ni jema kwa soko la mtumba. Ila umiliki nao una ukomo siku hizi. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa (ubongo wa kompyuta) zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Kampuni inayotaka kuendelea kupokea marekebisho ya usalama ya Windows 10 hutozwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei inayoongezeka maradufu mwaka wa pili na tena wa tatu. Mtu aliyenunua kompyuta yake kwa haki anajikuta akilipia kwa mwaka kitu alichodhani kimekwisha lipwa. Anayenunua mtumba leo aulize kwanza prosesa ni ya kizazi gani, kabla ya kuuliza rangi na ukubwa wa kioo.

Kukodi kwa saa: pale mita inapofaa kweli

Chukua ofisi ya upimaji inayopewa kazi ya kupiga picha shamba la mkonge kwa droni na kutengeneza ramani yake. Kazi hiyo inahitaji kompyuta yenye nguvu kubwa, lakini huenda ikaja mara tatu tu kwa mwaka, na kununua mashine ya gharama hiyo ili ikae imefunikwa kitambaa miezi kumi ni kufunga mtaji. Hapa kukodi kwa saa hakuna mshindani. Ila hesabu isiishie kwenye bei ya saa. Picha 2,000 zenye megabaiti 8 kila moja ni gigabaiti 16. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde, kuzituma huchukua saa 7 na zaidi, na bando la gigabaiti 16 nalo lina bei yake. Kwa kawaida kampuni za wingu, yaani zinazokodisha kompyuta na hifadhi hizo za mbali, hazitozi unapoingiza mafaili. Hutoza unapoyatoa kwa wingi, utaratibu ambao sidhani ulibuniwa kwa bahati mbaya. Tena mashine ya kukodi iliyoachwa ikiwaka huendelea kuhesabiwa saa hata kama haifanyi lolote, na ikizimwa, nafasi ya mafaili yake bado hulipiwa mpaka yafutwe. Mita ni rafiki wa mtu mwenye nidhamu ya kuzima.

Mtandao ukikatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na kwa siku kadhaa intaneti ilidorora nchini na katika nchi jirani. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, ilizimwa kabisa kwa siku kadhaa. Katika siku za namna hiyo, duka la dawa lenye mfumo unaoishi mtandaoni pekee liliuza kwa daftari, na lenye mfumo kwenye kompyuta yake liliendelea kama kawaida, umeme ukiwepo. Kwa hiyo mfumo wowote unaogusa mauzo ya kila saa lazima uwe na uwezo wa kufanya kazi bila mtandao na kutuma kumbukumbu baadaye, na muuzaji akisema unaweza, chomoa waya mbele yake uone. Nakala za akiba ndizo kinyume chake: hizo zinastahili kukaa mbali, kwa kuwa mwizi anayebeba kompyuta huibeba na diski iliyo pembeni yake.

Nani achague nini

Steshenari na mwalimu wa tuisheni wanunue mashine na watumie programu za bure. Malipo ya mwezi kwao ni mzigo usio na sababu. Ofisi ya upimaji au ya uhandisi inunue kompyuta za kawaida na ikodi nguvu kwa saa kazi kubwa inapokuja.

Wakala wa forodha ndiye mwenye uamuzi mgumu. Bandari ya Tanga imeongezwa kina kutoka mita 3 hadi 13, meli zinafunga gatini, na kazi huja kwa mawimbi: wiki moja makarani watano hawalali, wiki inayofuata wawili wanatosha. Malipo ya mwezi kwa kila karani yanamwadhibu wiki za ukimya, na kununua leseni tano kunamfunga mtaji. Ninachokiona kinamfaa ni kununua leseni za makarani wawili wa kudumu na kuwalipia waliobaki kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja, hata kama kiwango chake kiko juu ya kile cha mwaka, kwa sababu punguzo la mkataba wa mwaka humalizwa na miezi ambayo kiti kiko wazi. Mafaili ya wateja, ankara na hati za mizigo yakae mahali ambapo karani aliyeko getini bandarini anaweza kuyafungua kwa simu, na hilo ndilo pekee katika kazi yake ambalo huduma ya mtandaoni inalifanya vizuri kuliko diski ya ofisini.

Duka la dawa, shule na kikoba walipe kwa mwezi kwa msanifu wa hapa, kwa mkataba wa maandishi wenye mambo matatu: bei haipandi kabla ya taarifa ya miezi mitatu, taarifa za wateja ni mali ya ofisi na zinahifadhiwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kila mwisho wa mwezi mfumo unatoa kumbukumbu zote katika faili linalofunguka kwa Excel, ambalo mwenye duka analihifadhi kwenye diski yake mwenyewe. Msanifu anayekataa sharti la tatu aulizwe sababu kabla ya kulipwa mwezi wa kwanza.